Ligeuze Kwanza: Namna ya Kulitambua Daraja la Kauri Litakalodumu

Mama anayejua vyungu hanunui chungu kwa kutazama mdomo wake. Hukiinua, hukigeuza, hukikagua kitako juani, kisha hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kizima hulia; chenye ufa hutoa mlio mfu. Mimi kazi yangu ni ya maabara ya meno, na nilivyozidi kukaa kwenye meza ile ndivyo nilivyozidi kumwelewa mama huyo. Kauri ni kauri, iwe imefinyangwa kwa udongo wa mtoni au imechongwa kwa mashine. Uso wake hukuambia inavyopendeza. Tumbo lake hukuambia itakaa miaka mingapi.

Kauri ninayoizungumzia ni daraja la taya zima: meno 12 au 14 yaliyoshikamana kuwa kipande kimoja, yakafungwa kwa skrubu juu ya vipandikizi vinne, sita au zaidi vilivyozama ndani ya mfupa wa mtu aliyebaki kibogoyo. Ni kazi ya gharama kubwa, na anayeihitaji mara nyingi ni mtu mzima ambaye watoto wake wamechanga. Siku ya kukabidhiwa analetewa kioo, anatabasamu, na watu wake wanalia kwa furaha. Siku hiyo karibu kila daraja ni zuri. Mwongozo huu ni wa siku nyingine zote. Nimeuandika kwa ajili ya mgonjwa, kwa mwanawe anayelipa, na kwa fundi mwenzangu anayeanza kazi.

Kipimo walichoacha waliotangulia

Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alitaka kuchomoa vyombo vya titani alivyokuwa ameviweka kwenye mifupa ya sungura, akakuta mfupa umevishika na havitoki. Mwaka 1965, mjini Göteborg, alimtibu Gösta Larsson, mgonjwa wa kwanza kuwekewa vipandikizi vya titani tayani. Larsson alivitumia kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 2006. Mwaka 1981 timu ya Brånemark ilichapisha matokeo ya miaka 15 ya wagonjwa wasio na meno. Mwaka 1986 Tomas Albrektsson na wenzake wakaweka kipimo kinachotajwa hadi leo: baada ya mwaka wa kwanza, mfupa unaozunguka kipandikizi usipungue zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka. Mwaka 1998, mjini Lisbon, Paulo Maló alianza kubeba daraja la taya zima kwa vipandikizi vinne tu, viwili vya nyuma vikiwa vimelazwa mshazari.

Madaraja ya enzi za Brånemark yalikuwa na fremu ya dhahabu na meno ya akriliki, plastiki ile ile ya meno ya kuvaa. Akriliki huchakaa, hubanduka jino, hushika rangi ya chai na tambuu, lakini fundi huirekebisha kwa mchana mmoja. Zirkonia, kauri nyeupe na ngumu kuliko zote tunazotumia mdomoni, ilikuja kuondoa kero hizo.

Kwa hiyo shika jambo moja. Vipandikizi vimepimwa kwa miongo mingi. Kauri iliyo juu yake bado ni kijana. Tafiti nyingi za madaraja ya taya zima ya zirkonia zimewafuatilia wagonjwa kwa miaka michache, mara nyingi isiyozidi mitano. Matokeo ya miaka hiyo ni mazuri: madaraja mengi sana bado yamo mdomoni. Lakini kuwamo mdomoni si sawa na kuwa salama. Daraja lililopasuka kipande, likalegea skrubu mara tatu na kuzungukwa na fizi zinazotoka damu bado linahesabiwa kuwa limo. Anayekuahidi kwamba litadumu maisha, mwulize: litadumu likiwa katika hali gani?

Udongo na tanuri

Zirkonia ya meno huchanganywa na oksidi ya itri, na kiasi cha itri ndicho kinachozitenga aina zake. Yenye itri asilimia 3 kwa moli hustahimili mkazo wa kupindwa wa megapaskali 900 hadi 1,200. Yenye asilimia 5 hupitisha mwanga vizuri na kukaribia jino la kuzaliwa, lakini nguvu yake hushuka hadi 500 au 700 hivi. Siri ya ile ya kwanza ilielezwa mwaka 1975 na Ron Garvie na wenzake nchini Australia: ufa unapoanza, chembe zilizo kwenye ncha yake hubadili umbo na kuvimba, zikaubana ufa usiendelee. Ile inayopitisha mwanga zaidi ina uwezo mdogo sana wa kujitetea namna hiyo. Basi swali la kwanza kwa fundi ni hili: umetumia zirkonia gani, na kwa nini? Kwa daraja linalobeba taya zima, nguvu ndiyo itangulie na uzuri ufuate.

Kisha ulizia tanuri. Zirkonia huchongwa ikiwa laini kama chaki, tena kubwa kuliko itakavyokuwa, kwa sababu ikichomwa kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi husinyaa kwa zaidi ya asilimia 20. Ikipandishwa au ikishushwa joto kwa pupa, hupinda au huficha nyufa. Waganga wa mifupa walipata somo chungu hapa. Mwaka 2001 vichwa vya nyonga vya zirkonia vya mtengenezaji mmoja wa Ufaransa viliondolewa sokoni baada ya mafungu fulani kuvunjika ndani ya miili ya wagonjwa, na chanzo kilihusishwa na mabadiliko ya tanuri. Udongo ulikuwa ule ule. Moto ndio uliobadilika. Fundi anayekuambia bila kuhimizwa kwamba kazi yako ilikaa kwenye tanuri usiku kucha anakupa habari njema.

Jambo la tatu ni porseleni ya juu. Zamani tulichonga zirkonia kama kiunzi, tukaivisha porseleni laini ili ipate uhai wa jino. Porseleni hiyo ina nguvu ya megapaskali 100 hivi, kama sehemu ya kumi ya zirkonia iliyoibeba. Ndiyo maana katika madaraja haya kasoro inayoongoza ni kubanduka kwa vipande vya porseleni. Mtu aliye na meno yake huhisi jino likibanwa kupita kiasi, akapunguza nguvu. Kipandikizi hakina utando wa hisia ule unaoushika mzizi wa jino, na mwenyewe hutafuna bila kujua anazidisha. Kazi iliyofikiriwa huacha zirkonia tupu popote jino linapokutana na jino, na porseleni ikapakwa usoni tu, pale midomo inapoonyesha na hakuna kinachotafunwa. Mwombe fundi akuonyeshe kwa kidole mpaka huo ulipo.

Likae bila kulazimishwa

Hapa ndipo fundi stadi anapotengana na fundi wa kawaida. Meno ya asili husogea kidogo yakibanwa. Kipandikizi hakisogei, na zirkonia haipindi. Daraja likiwa nje ya mahali pake kwa upana wa unywele, skrubu zitalivuta hadi lionekane limekaa, lakini mkazo ule utabaki ndani yake usiku na mchana hata mwenyewe akiwa amelala. Mkazo huo hulegeza skrubu, huvunja skrubu, au hungoja ufa.

Kinga yake huanza kabla ya kuchonga. Fundi huunganisha vifuniko vya vipandikizi kwa kipande cha plasta ngumu, na daktari hukifunga mdomoni. Plasta haina staha. Ikiwa nafasi moja imekosewa, hukatika papo hapo kwa mlio mdogo kama kijiti kikavu. Nimewaona watu wakihuzunika plasta inapokatika, kwa sababu kazi inarudi nyuma. Mimi hushukuru, maana bora ivunjike plasta ya bei ndogo kuliko kauri ya miezi.

Siku ya kujaribisha, shuhudia kipimo cha skrubu moja. Daktari huweka daraja mahali pake, akakaza skrubu ya mwisho upande mmoja tu. Kisha hutazama upande wa pili. Daraja zuri halitikisiki. Kule mwisho linabaki limekaa kama sahani mezani. Daraja baya huinuka kidogo, ukaona uwazi mwembamba kama ukucha. Pale ambapo ufizi unaficha maungio, picha ya eksirei ndiyo macho. Baada ya hapo skrubu zote hukazwa kwa wrenchi ya kipimo, si kwa nguvu za mkono. Nyingi za aina hii hukazwa kwa nyutoni-sentimita 15, kama mtengenezaji alivyoagiza. Daktari anayekaza kwa kukisia ameiacha bahati ifanye kazi yake.

Unene, mashimo na roshani

Lichukue daraja mkononi. Zirkonia ni nzito takriban mara tano kuliko akriliki ya ukubwa ule ule, kwa hiyo usishtuke kwa uzito. Litazame kwa ubavu: kati ya jino na jino pana shingo inayoyaunganisha. Shingo ziwe nene, zenye mviringo, zisizo na pembe kali. Fundi anayetaka kila jino lionekane limesimama peke yake hukata shingo hizo kwa ndani mpaka zinakuwa nyembamba. Amenunua uzuri kwa nguvu. Unene unahitaji nafasi, na nafasi hutafutwa kabla ya upasuaji. Kama mfupa haukupimwa na kusawazishwa mapema, hakuna fundi atakayeweza kuweka unene mahali ambapo hapana pa kuuweka.

Tazama mashimo ya skrubu. Yanapendeza yakitokea juu ya magego na nyuma ya meno ya mbele. Ndani yake huwekwa tepu nyeupe, ile ile ya mafundi bomba, kisha hufunikwa kwa plastiki ya rangi ya jino. Tepu hiyo ya bei ya chini ni alama ya adabu: mwenye kuiweka anajua kwamba siku moja daraja litafunguliwa, na anamrahisishia kazi atakayelifungua.

Mwisho tazama roshani, yaani meno ya nyuma yanayoning'inia baada ya kipandikizi cha mwisho bila nguzo chini yake. Kila milimita ya roshani huongeza mzigo kwenye kipandikizi na kwenye shingo iliyo karibu nacho. Kwa zirkonia, roshani ifupishwe hadi jino moja tu, nayo pia ikiwezekana isizidi milimita 10 hivi.

Mama mmoja mtu mzima aliletwa kwetu na daraja lake likiwa vipande viwili, mwaka wa tatu tangu afungiwe mahali pengine. "Mwanangu, mimi sikula mifupa," aliniambia. "Ni wali na samaki tu." Nilimwamini. Nikaviweka vipande juu ya kitambaa cheusi chini ya taa, nikavigeuza. Roshani ilikuwa ya meno mawili. Ukingoni mwa shimo la skrubu ya mwisho palikuwa na mikwaruzo ya kinoo, sambamba, mikavu, isiyong'arishwa: mtu alipunguza pale kwa haraka siku ya kufunga, bila maji na bila kusugua baadaye. Ufa ulianzia kwenye mkwaruzo mmojawapo, ukashuka moja kwa moja hadi tumboni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Zirkonia haizibiki ufa. Hapa ukuta hujengwa upya tangu mwanzo, na mama yule alingoja miezi mingine akila uji.

Tumbo

Sasa ligeuze. Upande unaolala juu ya ufizi ndio tumbo la daraja, na ndiyo sehemu ambayo mgonjwa karibu haonyeshwi kamwe. Pitisha kidole. Linatakiwa liwe limebinuka kwa nje kama tumbo la jahazi, laini, linang'aa kuliko hata uso. Popote kidole kinapotumbukia kwenye bonde, ukoga utajificha hapo na uzi wa meno hautafika. Mabonde hayo huja pale fundi anapotaka kufunika ufizi uliorudi nyuma kwa kuulalia kama kofia. Linapendeza kwenye picha, lakini baada ya miezi sita hunuka.

Tazama pia silinda ndogo za titani zilizogundishwa ndani ya kauri mahali pa kila kipandikizi. Gundi yake isiwe na ziada inayochungulia ukingoni. Silinda hizi zikiachia, daraja huanza kucheza, na mwenyewe hudhani ni skrubu.

Kisha fanya jaribio ambalo halihitaji elimu yoyote. Daraja likiwa limefungwa, mgonjwa mwenyewe, kwa mikono yake na kioo chake, apitishe uzi na burashi ndogo chini ya kila jino. Asipoweza, kazi haijaisha, hata kama inapendeza namna gani. Mikono ya mtu wa miaka 70 ndiyo iliyotakiwa kuongoza mchoro, si macho ya kijana aliye kwenye kompyuta.

Uso, sauti na upande wa pili

Uso nitaupitia haraka, kwa kuwa kila mtu ana macho. Meno yote yakiwa na weupe mmoja, ni sahani. Chonge ziwe na rangi yenye joto kidogo kuliko meno ya mbele. Ufizi wa bandia uishie juu ya pale mdomo unapofika mtu anapocheka kwa nguvu, kwa hiyo mchekeshe. Mwambie ahesabu "thelathini na sita, sabini na sita, themanini." Sauti za th na s zikipuliza au zikikwama, unene wa nyuma ya meno ya mbele urekebishwe kabla ya kukubali.

Uliza pia daraja litakutana na nini. Zirkonia iliyosuguliwa hadi ikang'aa ni mpole kwa meno ya upande wa pili. Ile iliyoachwa na mikwaruzo, au iliyopakwa glezi, yaani utando wa kung'arisha, ikachakaa, huyasaga kama msasa. Taya zote mbili zikiwa za zirkonia, mlio wa kugongana husikika mezani, na baadhi ya watu hawaupendi. Mtu anayesaga meno usingizini apewe kinga ya kuvaa usiku, na avae kweli.

Nami husema waziwazi: si kila kibogoyo anahitaji kauri. Aliye mbali na maabara, mwenye kusaga meno kwa nguvu, au mwenye nafasi ndogo mdomoni anaweza kuhudumiwa vyema zaidi na akriliki juu ya fremu ya chuma, kwa sababu ikiharibika inarekebishika.

Kuhukumu kwa miaka

Mwaka wa kwanza, kosa la kawaida ni skrubu kulegea. Ikitokea mara moja ni jambo dogo. Ikirudia, rudi kwenye swali la kukaa bila kulazimishwa. Kila mwaka daktari apime fizi kuzunguka vipandikizi na kupiga eksirei, kisha aweke picha ya leo kando ya ile ya siku ya kwanza. Damu, usaha na mfupa unaoshuka ni ugonjwa wa kipandikizi, na ugonjwa huo haumhurumii mtu kwa uzuri wa kauri yake. Dai pia kadi yenye jina la mfumo wa vipandikizi, aina ya skrubu na aina ya zirkonia. Bila kadi hiyo, daktari wa mji mwingine hatajua hata atumie bisibisi gani. Na faili la mchoro wa kompyuta lihifadhiwe, ili daraja likivunjika lichongwe jingine bila kuanza upya mdomoni.

Mara kwa mara daraja hufunguliwa lisafishwe, na hiyo ndiyo siku ninayoipenda kuliko ile ya kioo na machozi. Mashimo yanafunguliwa, tepu inachomolewa, skrubu zinalegezwa moja moja, daraja linatoka. Hakuna anayetazama meno. Daktari analigeuza, mimi nasogeza taa. Tumbo likiwa safi, bila ukoga mabondeni kwa sababu hakuna mabonde, na fizi zilizolala chini yake zikiwa na rangi ya waridi isiyotoa damu, najua kwamba aliyelichonga alimfikiria mtu huyu akiwa peke yake usiku mbele ya kioo cha bafuni, akihangaika na uzi. Natia maji, nasugua, nalirudisha mkononi mwa daktari. Mgonjwa kwa kawaida huuliza, kwa ulimi usiozoea uwazi ule, kama linaonekana zuri. Namgeuzia alione mwenyewe, tumbo likiwa juu.